Kina Kavira Wawili na Robo ya Aspirini

Ninyi mnaoanza kazi sasa hamjui harufu ya mkojo unaochemka. Bahati yenu. Sisi kila Jumanne, siku ya wagonjwa wa sukari, dispanseri nzima ilinuka hivyo mpaka saa sita mchana. Unatia maji ya bluu ndani ya tube, unaongeza matone manane ya mkojo, unaishika kwa kibanio cha mti na kuipitisha juu ya taa ya alikoli, mdomo wa tube usielekee mtu. Kisha unangoja. Ikibaki bluu, mgonjwa anacheka. Ikienda kijani, anajitetea kwamba alikunywa chai moja tu kwa jirani. Ikifika rangi ya tofali, sukari imejaa, na mgonjwa anainama kutafuta viatu vyake. Nimeitazama rangi ile ikigeuka maelfu ya mara, na mpaka wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa bado nainama kuichungulia kama mtoto.

Mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi hapa Goma. Ya vyeo sitasema mengi, maana sikuwa navyo: niliingia muuguzi, nimetoka muuguzi. Funguo za kabati la dawa nimezirudisha zote isipokuwa moja iliyopotea zamani, msiitafute. Nitawaandikia zaidi juu ya kosa moja langu, kwa sababu mazuri yangu mtayasikia kwa watu, na kama hamtayasikia basi hayakuwapo.

Nilianza kazi mwaka ule serikali ilipotuamuru tuache majina ya wazungu. Nilishuka kutoka Masisi na diploma yangu ndani ya bahasha, viatu vyeupe vipya vikinibana, nikidhani siku ya kwanza nitapewa sindano. Muzee Bwira, mkuu wa wauguzi, aliitazama diploma, akaitazama miguu yangu, akasema, "Vua ile viatu, mama. Kazi yako iko ya kukaa." Akanionyesha sanduku la bati lililojaa fishi za wagonjwa, zile karatasi ngumu za habari zao. Kila fishi ilikuwa na jina la ubatizo mbele: Marie, Albert, Joséphine. Amri ilikuwa imetoka kwamba karatasi yoyote ya kazi isibaki na majina yale. Mimi niyafute, kisha nihamishe habari za kila mgonjwa kwenye fishi mpya: jina, kartiye, yaani mtaa anaokaa, na ugonjwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi nilikuwa msichana wa bidii, na bidii isiyo na akili ni hatari kuliko uvivu. Siku ya kwanza sikuhamisha fishi hata moja. Nilichukua rula na wino mweusi, nikafuta majina ya ubatizo yote ndani ya sanduku, moja baada ya jingine, mistari minene iliyonyooka. Muzee Bwira alipita jioni, akasema, "Ée, unaandika muzuri." Nikafurahi. Siku ya pili ndipo nilianza kuhamisha.

Mimi ni Mhunde. Sikujua wakati ule kwamba Wanande wa Butembo na Beni wanawapa watoto majina kwa kufuata walivyozaliwa: wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na kuendelea, nyumba zote vilevile. Kwa hiyo ukiondoa Marie na Joséphine, unabaki na Masika kumi na wawili, Kambale kumi na watano, na kina Kavira hata sikuwahesabu. Ukiita "Kavira!" pale barazani, wanasimama watatu na mmoja anayenyonyesha anainua mkono. Fishi za zamani hazikuandikwa kartiye. Ziliandikwa tu ametoka wapi. Nikakuta fishi mbili zinazosema "Kavira, Butembo", majina ya mbele nimekwisha kuyafukia mwenyewe chini ya wino. Wagonjwa wa Butembo wenye jina hilo waliofika siku zile walikuwa wawili: mmoja wa Murara, mmoja wa Katindo. Nikafikiri kidogo, si sana, nikatoa hii kwa huyu na hii kwa yule. Fishi za zamani zikarudi ndani ya sanduku, sanduku likawekwa juu ya kabati, na mimi nikasahau.

Muzee Bwira ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alivumilia maswali, na mimi nilikuwa na maswali kama mvua ya Aprili. Juu ya nini mkojo wa mtu wa sukari unaita sisimizi? Juu ya nini kidonda cha mguu hakimuumi? Juu ya nini mwenye sukari anapooza upande mmoja kabla ya wenzake wa umri wake? "Kuuliza si ujinga," alikuwa akisema, "lakini uliza ukiwa unaosha tube." Alinifundisha kushika mguu wa mgonjwa na kumwambia afumbe macho, kisha kumgusa kwa unyoya wa kuku na kumuuliza nimegusa wapi. Alinifundisha pia kwamba mgonjwa akisema "sina kitu", kaa chini, hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Hilo la mwisho nililishika nusu tu, kama mtakavyoona.

Miaka kumi na zaidi ilipita hivyo. Kisha akaja Dokta Ilunga, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa ametoka kusoma Ubelgiji, mwembamba, mwenye kucheka haraka. Jumanne yake ya kwanza alituita sisi wawili, Muzee Bwira na mimi, akaweka mezani kinini kimoja, kidonge cheupe.

"Hii munaijua?"

"Aspirini," nikasema. "Hata mwenye kuuza karanga sokoni anaijua."

"Bon. Kule nimetoka, waganga wameanza kuitoa kila siku, kidogo kidogo, kwa mutu ambaye moyo au kichwa kilishapigwa, kama wale wanapooza. Damu yake isigande ndani ya mishipa. Na kwa mwenye sukari, wengine wanasema tusingoje apigwe, tumupe mbele. Wengine wanakataa. Bado wanabishana."

Muzee Bwira alikigeuzageuza kinini kwa kidole. "Dokta, sasa ile dawa inazuia damu kuganda. Itachagua je pa kuzuia? Kichwani izuie, na tumboni iache?"

Dokta Ilunga alicheka, lakini nilimwona amelipenda swali. "Haichagui, muzee. Pale ndipo kuna shida. Mutu moja inamukinga, mutu mwingine inamutoboa tumbo. Kazi yetu ni kupima: huyu iko karibu na kupooza, ama iko karibu na kutoka damu?"

Nilirudi nyumbani kichwa kikiwaka. Kitu ambacho mama yangu alisaga na kunipa nikiwa na homa kilikuwa na siri namna hiyo? Kesho yake nilimwambia Dokta sitaamini mpaka nione. Akasema vizuri, leta sikio lako. Alinichoma kwenye ndewe kwa kisindano kidogo, kisha kila nusu dakika akagusisha karatasi ya kukausha wino mpaka damu ikakoma. Madoa matano, la mwisho dogo kama kichwa cha pini. Nikameza kinini kizima, tukangoja saa mbili, akachoma sikio la pili. Madoa tisa! Damu ile ile, sikio la mtu yule yule. Muzee Bwira naye akataka achomwe, yeye aliyekuwa akiwaambia wagonjwa kwamba sindano ni mchezo, na akapiga kelele kuliko watoto wa chanjo. Karatasi zile tuliziweka ukutani, tukizitazama kila asubuhi. Nawaambia kweli, katika maisha yangu ya kazi siku chache zilinifurahisha kama ile.

Basi tukaanza. Dokta alichagua wagonjwa wachache tu wa sukari, wale aliowaona wako karibu zaidi na kupigwa: wenye presha, wenye maumivu ya kifua, wenye ndugu waliopooza. Kila mmoja alitakiwa awe na fishi safi, isiyo na kidonda cha tumbo wala kutoka damu. Kusoma fishi ilikuwa kazi yangu. Kukata pia. Vinini vilikuja vikubwa, nasi tulitaka robo, kwa hiyo niliketi na wembe na kipande cha kioo nikivikata vinne vinne, unga ukinirukia puani. Mwanzoni tulisema kwa Kifaransa, "un quart", mpaka muzee mmoja wa Ndosho akarudi siku ya tatu masikio yakimlia ngii, akieleza kwamba tangu Jumanne anameza "quatre", vinne kila siku, kama tulivyomwagiza. Tulimpumzisha, Mungu akasaidia, na tangu siku hiyo nikawa nachora: duara moja, kipande kimoja kimetiwa wino.

Na jambo jingine, msilipite. Jina la aspirini hatukulitaja. Dokta aliogopa kwamba mgonjwa akijua ni ile ile ya kuuzwa barabarani, ataidharau, au ataongeza mwenyewe. Tuliiita "dawa ya kulinda moyo". Niliona ni akili kubwa.

Wa kwanza kuitaka alikuwa Mama Kavira wa Murara. Alikuwa muuzaji wa maharagwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili, na mkojo wake ulikuwa tofali kila Jumanne ya Mungu. Presha yake ilipanda pia. Lakini si sukari iliyomtisha. Baba yake alipooza akiwa bado na nguvu, akakaa miaka mitano kitandani akilishwa uji. Kisha kaka yake vilevile. Kavira ndiye aliyewaosha wote wawili.

"Mama Sifa," aliniambia, na Sifa ndilo jina langu, "kufa naogopa, sitakudanganya. Lakini kupooza! Kuoshwa na muke ya mutoto wangu! Kama iko dawa ya ile, munipe hata kama ni chungu namna gani."

Nilichukua fishi yake. Safi. Malaria, uzazi mara saba, sukari, presha. Dokta akapima moyo, akanitazama, nikasema, "Hakuna kitu cha tumbo." Akaandika robo. Mama Kavira alipokea kile kikaratasi kwa mikono miwili.

Jumanne ile ile, baada yake, akaingia Kavira wa Katindo, mke wa sajini wa kambini, mkavu, mkimya, naye mwenye sukari na presha. Kwenye fishi yake mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa usichana, nilikuwa nimeandika: alitapika damu baada ya kumeza aspirini.

"Wewe hapana, mama," Dokta akamwambia. "Kwa mutu alishatapika damu, ile dawa si nzuri."

"Nani alitapika damu?"

"Iko ndani ya fishi."

"Mimi? Aah wapi! Sijatapika damu hata siku moja. Mumenitazama vizuri?"

Dokta akanigeukia. Na mimi, mwanamke niliyejisifu kwa maswali, niliyechomwa masikio mawili kwa sababu ya udadisi, mnajua nilifanya nini? Nilitabasamu. Nilijua wagonjwa wanakana mambo: pombe, chai, wanaume. Nikamwambia kwa upole ule wetu mbaya, "Pengine umesahau, mama, ni zamani." Yeye akainuka, akajifunga kitenge, akasema, "Mutu anasahau kutapika damu?" Akaenda zake. Swali lile lilikuwa limenifikia mkononi kabisa, nami nikaliacha lianguke.

Mwezi wa kwanza, Mama Kavira wa Murara alikuja akicheka. Mwezi wa pili aliniambia tumbo linamtafuna asubuhi. Nikamuuliza anakula saa ngapi. Mwezi wa tatu alikuja akihema, midomo imekuwa myeupe, kizunguzungu kikimshika akiinama kufunga gunia. Nikachemsha mkojo, tofali, nikasema basi ni sukari. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami tangu wiki mbili, lakini mama wa watu wazima, mwenye wajukuu, hatamwambia mwanamke mdogo kwake juu ya choo chake asipoulizwa. Na mimi sikuuliza. Fishi yangu ilisema tumbo lake halina neno.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, barazani pamejaa, tulisikia kelele kutoka barabarani. Mume wake, Papa Kambale, seremala, alikuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli yake ya mti ya kubebea mbao, mke wake amelala juu ya godoro, na mwanaume mwingine akimshika asidondoke. Kitenge chake kilikuwa kimelowa matapishi meusi yenye chembechembe, kama masalia ya kahawa, na juu yake damu mbichi. Papa Kambale alikuwa analia wazi, mbele ya watu wote.

"Joséphine! Usilale! Joséphine, nitazame!"

Tulimbeba ndani. Mapigo yake yalikuwa mepesi na ya mbio, nilihesabu mara mbili kwa sababu sikutaka kuamini. Muzee Bwira alipata mshipa kwa mara ya kwanza, kwa mkono ambao sijaona mfano wake, akafungua serum, yale maji ya mshipani, ikimbie. Dokta Ilunga akaniuliza bila kuinua kichwa, "Fishi inasema nini ya tumbo?"

"Hakuna kitu, Dokta."

"Namna gani hakuna kitu?" Papa Kambale alifoka. "Na ile ya Butembo? Si ndiyo sawasawa na ile ya Butembo? Alimeza aspirini ya kichwa, akatapika damu, pasta akaitwa! Tulipohamia hapa Goma tuliieleza, waliandika! Tangu ile siku aspirini haiingie kwangu, hata ya batoto!" Akatugeukia mmoja mmoja. "Sasa ninyi mulimupa nini?"

Dokta aliinua kichwa, akanitazama, na mimi nilikuwa nimekwisha kulisikia lile jina. Joséphine. Moja ya majina niliyoyafuta.

Walimpeleka hospitali kubwa kwa gari la mapadri, Dokta akiwa nyuma ameshika chupa. Watoto wake watatu walitoa damu mchana ule, ya wawili ikalingana na yake. Mimi nilibaki, kwa sababu wagonjwa wengine walikuwa pale na mikojo yao. Nilipomaliza wa mwisho nilipanda juu ya kiti, nikateremsha sanduku la bati, nikazitafuta fishi mbili za "Kavira, Butembo". Ile yenye neno la damu, jina la mbele lilikuwa chini ya mstari wangu mweusi, mnene, ulionyooka vizuri. Kwa mbele husomi kitu. Lakini aliyeandika zamani alikuwa na mkono mzito. Nikaigeuza, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, nikapitisha kidole taratibu kwa nyuma. Herufi zilikuwa zimetokeza kwenye karatasi, kinyumenyume. J. O. S. Sikuhitaji kuendelea.

Muzee Bwira alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nilisema unaandika muzuri," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikaa kwenye kiti kile nilichopandia, akajifuta uso, na nikaona kwamba naye anajihukumu.

Mama Kavira aliponea tundu la sindano. Siku ya nne nilikwenda kitandani kwake. Dokta alitaka kuja nami, nikamwambia hapana, ile fishi ni ya kwangu. Nilimweleza yote: majina, rula, wino, fishi mbili, na kwamba ile dawa ya kulinda moyo ilikuwa aspirini. Papa Kambale alikuwa dirishani, nikaona mabega yake yanapanda. Nilingoja mama anitukane. Alikuwa na ulimi, na nilikuwa nautaka ulimi ule, ungenipunguzia. Aligeukia ukutani akavuta shuka.

Nilikwenda pia Katindo. Mke wa sajini alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha kiti, na alikuwa na haki. "Nilisema," akajibu, "mukanicheka." Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Mimi ndiye nilicheka." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuanze mambo yale, nilimweleza mgonjwa pande zote mbili: kwamba ni aspirini, kwamba inaweza kumkinga na kupooza, kwamba inaweza kumtoa damu hata yeye asiyewahi kutoka, kwamba waganga wakubwa wenyewe bado wanabishana, na kwamba choo kikiwa cheusi aache siku ile ile na aje mbio. Nikamuuliza anaonaje. "Sasa umesema kama mutu," akasema. "Ngoja nifikiri." Alifikiri wiki tatu. Alirudi na maswali sita, moja lilimtoa Dokta jasho, kisha akachukua robo yake. Aliinywa miaka mingi bila shida, na hakupooza. Kama ni kwa sababu ya robo ile, sijui. Pengine asingepooza hata hivyo. Huwezi kuishi mara mbili, moja na kinini na moja bila, ili ulinganishe.

Kwa Mama Kavira wa Murara, aspirini ilikwisha kabisa. Tuliandika kwa wino mwekundu, na chini yake nikaandika jina la ubatizo, amri au hakuna amri. Alirudi kliniki baada ya miezi mitatu, amekonda nusu. Alimpa Muzee Bwira mkojo wake, hakunipa mimi. Jumanne baada ya Jumanne alipita mbele ya meza yangu kama nafasi tupu. Lakini aliacha sukari ya chai, akaacha chumvi ya mkono mzima, akauza maharagwe kwa kutembea badala ya kukaa, na tube ikaanza kutoka kijani. Niliitazama kutoka mbali. Siku moja, Muzee Bwira akiwa ameshastaafu, aliiweka chupa yake mezani kwangu bila kunitazama. Nikachemsha. Bluu. "Bluu, mama," nikasema. "Naiona," akajibu.

Miaka sita baada ya damu ile, alipooza. Upande wa kuume, asubuhi, akiwa anapima maharagwe. Nilikwenda Murara mara tu niliposikia. Walikuwa wamemweka kwenye kiti chenye mito, mkono umelala mapajani, mdomo umevutwa kidogo. Mke wa mtoto wake alikuwa akimwosha miguu, kile kitu alichokuwa akikiogopa kuliko kufa. Yule binti alitoka na beseni, tukabaki wawili.

Nilikaa. Nilishika ule mkono uliokufa, nikaukunjua vidole kimoja kimoja kama tunavyofanya. Alinieleza polepole, maneno yakimtoka kama mtu mwenye mate mengi, kwamba katika miaka ile sita ameozesha watoto wawili, amemzika Papa Kambale kwa heshima, na ameona mjukuu anaingia shule ya mapadri. Nilisikiliza. Na ule udadisi wangu, ugonjwa wangu usio na dawa, ukanipanda mpaka kooni nikashindwa kuumeza.

"Mama Joséphine," nikasema, "kama mungenieleza yote mbele, kupooza upande moja, damu upande mwingine, mungechagua je? Mungekunywa?"

Alinitazama kwa jicho lake zima. Nusu ya mdomo wake ikacheka.

"Ile swali, Mama Sifa," akasema, "ilikuwa ya kuniuliza wakati niko na miguu mbili."